Umetoka kutoa nywele za kinena kwa waksi? Itunze ngozi hivi

Maswali haya hayaishi, na huja kwa mpangilio ule ule. Kwanza “nipake nini?”, mtu bado hajavaa hata viatu. Siku ya tatu au ya nne, “mbona nimetoka vipele?” Mwezi ukikatika, “mbona pamekuwa peusi?” Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, ili anayeanza leo asihangaike kuuliza kwa aibu, kwa ujumbe wa simu, usiku wa manane.

Jibu la swali la kwanza huwashangaza wengi: karibu usipake chochote. Madhara mengi ninayoyaona kazini hayaletwi na waksi yenyewe. Huletwa na vitu ambavyo mtu hujipaka akifika nyumbani, tena kwa nia njema kabisa: spiriti, ndimu, dawa ya meno, poda, manukato. Siku mbili za mwanzo kazi yako ni kuiacha ngozi ipumue. Kazi yenyewe huanza siku ya tatu, na kufikia hapo wengi wameshasahau kama walifanya waksi.

Kilichotokea mwilini ni kidogo tu kukieleza. Nywele zimeng’olewa na mashina yake, kila tundu lililokuwa na unywele limebaki wazi, na tabaka jembamba la juu la ngozi limeondoka pamoja na waksi. Kwa muda wa saa 24 hadi 48 ngozi hiyo haina ngao yake ya kawaida. Jasho, msuguano na vijidudu vinaingia kirahisi. Halafu nywele zinapoanza kuota upya, zile za kipilipili hujikunja kabla hazijatoka nje, ncha inarudi kuchoma ngozi kutoka ndani. Nywele za kinena hujikunja kwa watu wengi, na sisi wa nywele ngumu tunaumia zaidi.

Mwongozo huu unafaa pia kwa aliyetumia halawa, ile ya sukari na ndimu. Tofauti ni moja: mabaki ya halawa hutoka kwa maji, mabaki ya waksi hutoka kwa mafuta.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaenda

Viandae nyumbani mapema. Ukirudi huku panachoma hutakuwa na hamu ya kuzunguka madukani.

- Chupi mbili au tatu za pamba, pana, zisizobana mapajani. Zifue, zianike juani, kisha zipige pasi. Pasi ni muhimu hasa unakoishi kama kuna wale nzi wanaotaga kwenye nguo zilizoanikwa.
- Dera au gauni pana. Kanga na shuka navyo vinatosha kama hutoki.
- Vitambaa viwili laini, visafi, vya pamba. Kimoja cha kupoza, kingine ukiweke kwa ajili ya siku ya tatu.
- Maji safi ya baridi. Kama maji ya kwako ni ya kisima yenye chumvi, kama yalivyo maeneo mengi ya Dar es Salaam, weka pembeni ndoo ndogo ya maji baridi yasiyo na chumvi kwa suuza ya mwisho.
- Sabuni laini isiyo na manukato. Ya watoto inafaa, ikiwa haina harufu kali.
- Jeli ya mshubiri, yaani alovera, isiyo na spiriti wala rangi. Soma nyuma ya chupa. Ikiwa ya kijani kibichi inayong’aa, iache dukani.
- Taulo lako peke yako. Si la dada, si la mume.

Kuna watu ambao kabla ya yote wanapaswa kuongea na daktari: mwenye kisukari, anayetumia dawa za kuyeyusha damu, mwenye kinga ndogo ya mwili, na yeyote ambaye kidonda kidogo humwachia kovu linalovimba na kukua. Anayemeza isotretinoini kwa ajili ya chunusi asiguse waksi kabisa, na ashauriwe kusubiri kama miezi sita baada ya kumaliza dozi, kwa sababu ngozi yake inaweza kuchunika yote. Anayepaka krimu za tretinoini sehemu hiyo aziache wiki moja kabla. Na kama pana kidonda, malengelenge au vipele vyenye maji, ahirisha. Fundi mzuri hatakasirika.

Hatua kwa hatua

1. Kagua kabla hujashuka kitandani.
Utunzaji unaanzia hapo saluni. Omba kioo. Tazama kama kuna mabaki ya waksi kwenye mikunjo ya paja na pembeni mwa midomo ya uke. Mabaki yakibaki yatanasa chupi, na ukiivuta utalia. Fundi ayatoe kwa pamba yenye mafuta kidogo, na mafuta hayo ayafute vizuri.

Tazama pia kama pana sehemu inayong’aa, yenye majimaji, au inayochoma kuliko kwingine. Hapo ngozi imechunika, na inatunzwa kama kidonda, nitaeleza mbele. Muulize fundi amepitisha waksi mara ngapi sehemu ile. Mkono mzuri haurudii palepale zaidi ya mara mbili. Vinywele vilivyobaki vinatolewa kwa kibano. Na ukiona kijiti kimoja kinachovya kwenye chungu, kinapaka, kinarudi kuchovya tena, hapo hamia kwingine safari ijayo. Chungu kile kinabeba vijidudu vya wateja wote waliotangulia.

2. Poza, lakini usigandishe.
Lowanisha kitambaa kwa maji ya baridi, kikamue, kilaze juu ya kinena kwa dakika kama 10. Pumzika, rudia ukihitaji. Ukitumia barafu, ifunge ndani ya kitambaa. Barafu ikigusa ngozi moja kwa moja inaunguza, na ngozi iliyotoka kung’olewa nywele inaungua haraka.

Usisugue. Laza tu.

3. Paka jeli kidogo ya mshubiri, basi.
Kidogo maana yake tabaka jembamba unaloweza kulisahau. Paka nje tu, penye nywele. Ndani ya uke hapaingii kitu.

Wengi wana mshubiri uani, na wanauliza kama wautumie. Unaweza, ikiwa una hakika ni alovera na si shubiri mwitu wa kando ya barabara, maana aina ni nyingi na hazifanani. Kata jani, lisimamishe kwenye kikombe dakika 10 hadi 15 mpaka ule utomvu wa njano uchuruzike, lioshe, menya, kisha chukua nyama nyeupe ya ndani peke yake. Utomvu wa njano ndio unaowasha. Jaribu kwanza ndani ya mkono, usubiri siku moja. Ndiyo, siku moja. Kwa hiyo jaribio hilo lifanye kabla ya kwenda saluni.

Kama huna jeli, usiwe na wasiwasi. Maji ya baridi na chupi safi vinatosha.

4. Vaa pana, panda taratibu.
Chupi ya pamba, dera, nenda nyumbani. Jinzi, skintaiti na chupi za kamba ziache siku mbili. Msuguano wa nguo ya kubana, ukichanganya na jasho la safari ya daladala mwezi wa kwanza, ni njia ya uhakika ya kuamka na vipele. Bodaboda ya mbali nayo iepuke siku hiyo. Ikibidi upande, vaa dera lisilobana na usiikumbatie pikipiki kwa mapaja.

Usiku lala bila chupi ukiweza. Shuka liwe safi.

5. Oga, ila kwa maji yasiyo ya moto.
Siku ya kwanza subiri saa kadhaa, kisha oga kwa maji ya baridi au vuguvugu dogo. Sabuni ipite nje tu, kwa kiganja, si kwa dodoki. Suuza mpaka utelezi uishe. Jikaushe kwa kugusisha taulo, usifute kwa kuvuta.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu kuoga josho, lile la kidini, na watu huuliza kwa kunong’ona. Maji hayadhuru. Oga kama kawaida yako, mradi yasiwe ya moto na usikwangue.

Ukitoka msalani, jisafishe kwa maji kutoka mbele kwenda nyuma, kisha gusisha kitambaa au karatasi laini ikauke. Unyevu unaobaki kwenye mikunjo ndio chakula cha vijidudu.

6. Saa 48 za kujizuia.
Hapa ndipo watu wanabishana nami, kwa hiyo nitaenda polepole.

Tendo la ndoa lisubiri siku mbili, angalau moja kamili kama huna namna. Ngozi ina michubuko midogo isiyoonekana, na magonjwa yanayopita kwa mgusano wa ngozi, kama malengelenge ya sehemu za siri na masundosundo, hupata mlango. Hata kwa wanandoa waaminifu, msuguano na jasho peke yake vinatosha kuleta vipele. Mume akiona waksi imefanywa kwa ajili yake halafu anaambiwa asubiri, hilo ni jambo la kuzungumza kabla ya kwenda saluni, si baada.

Bahari na bwawa la kuogelea viache. Maji ya chumvi yanachoma, dawa ya bwawani inakausha, na bwawa lisilotunzwa lina bakteria wanaopenda matundu yaliyo wazi. Vivyo hivyo sauna na kila aina ya kujifukiza. Udi wa kukalia juu ya chetezo, mvuke wa majani, vyote ni joto juu ya ngozi iliyochokozwa.

Mazoezi ya kutoa jasho yasubiri. Kutembea kawaida hakuna ubaya.

Manukato, poda, dawa za kuzuia harufu ya jasho na vile vitambaa vyenye harufu vya kujifutia: hapana. Poda ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa sababu mtu anaipaka akidhani anazuia jasho, kumbe unga unaingia kwenye matundu, unaganda na jasho, unaziba.

Spiriti, ndimu, siki, magadi, kitunguu saumu, dawa ya meno, na ile dawa ya kusafishia vidonda inayogeuka nyeupe ikitiwa maji: hapana, hapana na hapana. Kuchoma si dalili ya kufanya kazi. Dawa kali huunguza ngozi isiyo na ngao, na ngozi nyeusi ikiungua huacha doa la miezi.

Mafuta mazito ya mgando nayo yasubiri. Ya nazi pia. Najua ya nazi yanapendwa na kila bibi wa pwani, nami nayapenda, lakini si siku hizi mbili. Huzuia joto kutoka na kwa baadhi ya watu huziba matundu.

7. Mikono mbali.
Patawasha, hasa usiku wa kwanza na siku ya pili. Usijikune. Chini ya kucha kuna bakteria waitwao stafilokoka ambao wengi tunaishi nao bila shida mpaka tuwapeleke penye tundu wazi. Ukishindwa, weka kitambaa cha baridi. Kata kucha. Na kile kipele kimoja kilichotokeza, usikiminye ili “uone kina nini”.

8. Siku ya tatu au ya nne: anza kusugua, kwa upole.
Hatua hii ndiyo inayotenganisha mwenye ngozi laini na mwenye vipele. Ngozi iliyokufa ikijikusanya juu ya tundu, unywele mpya unakosa njia. Kazi yako ni kuiondoa hiyo ngozi kabla unywele haujafika juu.

Chukua kile kitambaa cha pili. Kilowanishe kwa maji vuguvugu, weka sabuni laini, sugua kwa miduara midogo kwa muda usiozidi dakika mbili, suuza. Fanya hivyo mara mbili au tatu kwa wiki mpaka karibu na waksi inayofuata. Si kila siku. Anayesugua kila siku anajichubua, ngozi inajitetea kwa kuwa ngumu na nyeusi, halafu anaongeza kusugua.

Mchanganyiko wa sukari na mafuta ya nazi unapendwa. Ukiutumia, sukari iwe laini iliyosagwa, si ile ya chai, maana chembe zake zina ncha. Kwangu kitambaa kinatosha. Chumvi, kahawa ya kusaga na dodoki gumu viache kwa miguu.

Mwenye historia ya nywele kuotea ndani anaweza kutumia losheni yenye asidi ya salisili ya asilimia 2 mara mbili au tatu kwa wiki badala ya kitambaa, isiwe vyote siku moja. Ipakwe kwenye ngozi ya nje tu, isiguse midomo ya ndani. Anayedhurika na aspirini aiepuke, na mjamzito aulize kliniki kwanza.

Baada ya kusugua, paka losheni nyepesi isiyo na harufu. Sasa mafuta ya nazi yanaruhusiwa, matone machache.

9. Usiguse wembe hadi waksi ijayo.
Wiki ya pili au ya tatu vinywele vinaanza kuonekana na mkono unatafuta wembe. Ukinyoa, unakata ncha ikawa kali, na unavuruga mpangilio wa nywele kuota kwa pamoja. Subiri wiki nne hadi sita, nywele zifikie urefu wa punje ya mchele, kama milimita 6. Fupi kuliko hapo waksi haizishiki vizuri, zinakatikia njiani, na unywele uliokatikia chini ya ngozi ndio unaoota ndani.

Waislamu wanaoshika ule ukomo wa siku 40 hawana tatizo. Wiki ya nne au ya tano inaangukia ndani yake. Ukiona muda unakuzidi na nywele bado fupi, punguza kwa mkasi.

Kama ni kwa ajili ya harusi

Fanya waksi siku nne au tano kabla, usifanye usiku wa kuamkia. Siku hizo zinatosha wekundu kuisha na usugue mara moja. Na kama hujawahi kufanya, fanya ya kwanza mwezi mzima kabla, ili ujue ngozi yako inavyojibu. Mara ya kwanza ndiyo inayouma na kuvimba kuliko zote.

Singo, ule msuguo wa maua wa bibi harusi, na liwa ya msandali viendelee mwilini, ila viruke kinena mpaka siku ya tatu ipite. Maua ya singo, mlangilangi na asumini, yana mafuta yenye nguvu, na liwa ikikauka inavuta ngozi. Kufukizwa udi pia kusubiri. Somo au kungwi wako akishikilia kuwa ndivyo ilivyokuwa siku zote, mwambie kwa heshima mwili mzima ni wake isipokuwa hapo.

Mambo yakienda kombo

Pamekuwa pekundu na pana vidoti vidogo. Kawaida. Huisha ndani ya siku mbili. Kwa ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Utaona pameiva, pamekuwa peusi zaidi au na rangi ya zambarau. Usitegemee macho peke yake. Weka mgongo wa mkono, linganisha joto na paja. Joto likipungua kila siku, unapona.

Panawasha sana, pametoka mabaka yaliyovimba. Huenda ni mzio wa waksi au kilichopakwa baadaye. Osha kwa maji, poza. Mtu mzima anaweza kumeza setirizini ya miligramu 10 mara moja kwa siku, ikiwa hana sababu ya kuizuia, muulize mfamasia. Krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1, tabaka jembamba kwa siku mbili tatu, inasaidia, ila isipakwe penye mchubuko wala ndani. Midomo ya kinywa au uso ukianza kuvimba, au pumzi ikibana, hiyo ni dharura. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Tahadhari moja hapa. Ukiingia duka la dawa na kusema “pananiwasha kinena” unaweza kupewa tyubu yenye dawa mbili tatu ndani yake, ya fangasi, ya bakteria na steroidi kali kama betamethasoni au klobetasoli. Itakutuliza kwa siku mbili, ndiyo maana watu wanaisifu. Ukiendelea nayo ngozi ya kinena inakuwa nyembamba, inapasuka michirizi isiyofutika. Soma jina la dawa kabla hujalipa.

Vipele vyenye kichwa cheupe, siku ya tatu hadi ya tano. Matundu yamepata uambukizo mdogo. Usiminye. Kanda kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa siku, kila mara kitambaa safi. Badilisha chupi mara mbili kwa siku. Simamisha kusugua. Sabuni yenye benzoili peroksaidi husaidia kwa ngozi ya nje, iache dakika moja kisha suuza, ila ujue inachujua rangi ya taulo na nguo. Wiki ikipita bila nafuu, au vikiongezeka, muone daktari.

Unywele unaonekana umejikunja chini ya ngozi. Kanda kwa vuguvugu kama hapo juu kwa siku kadhaa, mara nyingi hutoka wenyewe. Kitanzi cha unywele kikionekana wazi juu, unaweza kukiinua kwa sindano mpya iliyofungwa, ukitoa ncha nje tu. Usiung’oe, maana utaanza upya kutoka ndani. Usipouona, usichimbe. Kuchimba ndiko kunakoleta makovu, hasa kwa anayevimba makovu.

Ngozi imechunika. Osha kwa maji safi, paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu tabaka jembamba, funika kwa shashi isiyonata kama nguo inagusa. Hapa mafuta ya mgando yanaruhusiwa mapema, kwa sababu kidonda kinahitaji unyevu kuliko hewa. Hapana waksi wala kusugua mpaka pafunge kabisa.

Nimeungua kwa waksi ya moto. Maji ya bomba ya baridi, yakitiririka, dakika 20. Kama bomba halitoki, mimina kwa kata taratibu. Usipake dawa ya meno, yai wala unga. Lengelenge usilipasue. Kuungua sehemu za siri si jambo la kutibu nyumbani. Ukishapoza nenda kituo cha afya hata kama panaonekana padogo.

Pamebaki madoa meusi. Hii ni alama ya ngozi kuchokozwa, si uchafu, kwa hiyo haitoki kwa kusuguliwa. Huchukua miezi kufifia, na hufifia tu ukiacha kuichokoza. Losheni yenye naiasinamidi inaweza kusaidia. Mkorogo usiukaribie. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi Tanzania na Kenya, lakini bado vinauzwa kwa mlango wa nyuma, na sehemu hii hunyonya dawa zaidi ya mkono au mguu. Na nikuambie ukweli ambao saluni nyingi hazisemi: kinena cha mtu mweusi kwa kawaida ni cheusi kuliko tumbo lake. Huo si ugonjwa.

Viuvimbe vidogo, laini, vinavyong’aa, vyenye kishimo katikati. Hivyo mara nyingi ni virusi, wala havitokani na waksi, ila waksi na wembe huvisambaza. Usifanye tena mpaka vitibiwe, na usishiriki taulo. Malengelenge yanayouma yaliyokaa kwa kundi nayo yapeleke kliniki mapema, siku za mwanzo, dawa hufanya kazi vizuri zaidi.

Wakati wa kwenda hospitali bila kusubiri

Homa au kutetemeka. Joto na uvimbe unaosambaa badala ya kupungua. Chora mpaka wake kwa kalamu, ukivuka mstari baada ya saa chache, ondoka. Jipu gumu linalouma. Usaha mwingi au harufu mbaya. Mitoki inayouma kinenani. Kushindwa kukojoa kwa sababu ya maumivu. Dalili moja kati ya hizi inatosha, hasa kwa mwenye kisukari, mjamzito na mwenye kinga ndogo.

Ukifika mapokezi huna haja ya kueleza mbele ya foleni. Sema “nina jipu kinenani, naomba muuguzi wa kike,” inatosha kupelekwa chumbani. Huko ndani ndipo useme kila kitu: lini ulifanya, waksi au halawa, ulipaka nini baadaye, hata kama ni ndimu. Wamesikia mengi zaidi ya hayo. Ukiandikiwa antibiotiki imalize dozi yote, na waksi inayofuata ihesabu kuanzia siku ngozi ilipopona kabisa, si kuanzia siku nywele zilipoanza kuonekana.